Karani Aliyeagwa Mara Tisa

Josephat Ndalahwa alikuwa miongoni mwa watu wachache mkoani Mwanza waliopokea barua ya uhamisho kama wengine wanavyopokea jibu la posa. Bahasha ya kaki ilipofika hakuifungua mbele za watu. Aliibeba hadi nyumbani, akavua viatu, akaomba maji ya kunywa, ndipo akaichana taratibu pembeni. Jina la kituo kipya lilipochomoza alilitamka mara mbili, kama anayeonja mchuzi.

"Nyakaliro. Nyakaliro! Wilhelmina, huko hatujawahi kufika."

Mkewe, akiwa jikoni, alikuwa na swali moja tu kwa vituo vyote: "Lini?"

Kazi yake ilikuwa karani wa pamba. Msimu ulipofunguliwa, wakulima walileta pamba kwenye ghala la chama cha msingi, naye ndiye aliyezamisha mkono ndani ya mzigo, akachomoa konzi, akaikunjua kwenye mwanga na kutamka neno moja kati ya mawili: safi, au fifi. Safi ni pamba nyeupe, kavu, isiyo na takataka. Fifi, yenye bei ya chini, ni nyingine yote, ikiwemo iliyolazwa kwenye umande ili iongezeke uzito, na iliyochanganyiwa mchanga kwa sababu hiyohiyo. Mwajiri alibadilika jina mara kadhaa, kutoka ushirika kuwa mamlaka, kisha ushirika tena, kila mara kwa hotuba na soda. Mizani ilibaki ileile, na Ndalahwa akabaki yuleyule. Hakula rushwa. Alidhani jambo hilo linajulikana na kupendwa. Kujulikana lilijulikana.

Kwa miaka ishirini na minane alikaa vituo tisa. Watoto wake watatu walizaliwa wilaya tatu, na kila mmoja alijifunza kutembea kwenye uwanja ambao hakuwahi kuuona tena. Ndalahwa aliona fahari kwa hilo. "Watu wamejaa duniani," alikuwa akiwaambia makarani wenzake waliolia kuhamishwa, "kwa nini uzeeke unatazamana na walewale?" Alipenda asubuhi ya kwanza mahali pageni: kutojua kisima kiko upande gani, kuonyeshwa njia, kuulizwa jina. Alipenda kupanda juu ya lori la ushirika, kitanda kimefungwa kamba, kuku wamening'inia miguu juu, na Wilhelmina mbele kwa dereva akiwa ameshika sufuria mapajani kwa sababu katika uhamisho wa tano sufuria ilipotea njiani.

Zaidi ya yote alipenda kuagwa. Hakuna kituo alichoondoka bila sherehe. Nyakaliro walimchinjia mbuzi wawili. Mahali fulani huko Geita walimpa kigoda na mkuki, akabeba mkuki huo ndani ya basi akiwa ameushika wima kama askari wa mtemi. Na Mwasilimbi, kijiji cha ufukweni upande wa Magu, ambako alikaa msimu mmoja na nusu tu, mwaka 1986 walimwaga kwa ng'ombe mzima. Wacheza ngoma ya bugobogobo walirusha majembe yao hewani tangu saa nne asubuhi hadi jua linapinda, mjumbe wa kamati ya chama akatoa hotuba, na wanawake walisindikiza lori kwa vigelegele hadi barabara kuu. Ndalahwa alilia. Wilhelmina hakulia, alikuwa akitazama vigelegele vile kama mtu anayesoma maandishi madogo chini ya mkataba.

Kisha yakaja mageuzi. Ikatangazwa kwamba biashara ya pamba ni huria, kwamba kampuni binafsi zitanunua, zitachambua na kusafirisha, na kwamba ushindani utamnufaisha mkulima. Kampuni zilikuja na malori mapya na haraka nyingi, na kila mnunuzi alijua kwamba akitumia dakika mbili kuchungulia mzigo, mwenzake wa upande wa pili wa barabara atakuwa ameshaupima. Kwa hiyo hakuna aliyechungulia. Maneno mawili yakapungua, halafu likabaki moja: pamba.

Barua ya mwisho ya Ndalahwa ilifika Butimba, mwezi wa tatu mwaka 1995, kwenye nyumba ya ushirika aliyokuwa akiishi. Alivua viatu, akanywa maji, akaichana pembeni. Aliisoma mpaka chini, akarudi juu, akageuza nyuma ya karatasi.

"Hawajaandika kituo," alisema.

Wilhelmina alifuta mikono, akaichukua, akaisoma. "Baba Koku, hii si ya uhamisho. Wamekupunguza."

"Nimesoma. Lakini wangetaja basi mtu anakwenda wapi."

Hilo ndilo lililokuwa swali, nalo lilikuwa na siku tisini, kwa sababu nyumba ya Butimba ilikuwa imeuzwa kwa mtu aliyekusudia kuweka humo maduka. Kwao Ndalahwa, Kwimba, kaka zake walishagawana mashamba wakati yeye yuko kituo cha tatu, na hakuna aliyeweza kuwalaumu. Kwao Wilhelmina ni Ukerewe, kisiwani, ambako ardhi ilishagawanywa na kugawanywa mpaka mtu akinyoosha miguu anamkanyaga shemeji.

"Ila mimi sina shida ya mahali," Ndalahwa alisema. "Vituo tisa, Wilhelmina! Wale ni ndugu. Ni kuchagua tu."

"Chagua mmoja," mkewe alisema. "Na uwe wa mwisho. Mimi nataka mahali ambapo nikienda kuazima chumvi sianzi kujieleza mimi ni nani."

Akachagua Mwasilimbi. Mahesabu yake yalikuwa rahisi: palipochinjwa ng'ombe ndipo palipo na mapenzi.

Waliteremka kwenye basi njia panda, wakatembea saa moja na nusu kuelekea ziwani. Ziwa lenyewe halikuonekana vizuri. Gugumaji lilikuwa limeifunika ghuba yote, kijani na maua ya zambarau, limefika juzijuzi kutoka huko lilikotoka, na limekaa bila kuulizwa na mtu. Binadamu alikuwa na taratibu ngumu zaidi. Ndalahwa alikuwa na barua ya utambulisho kutoka kwa balozi wake wa nyumba kumi Butimba, kwa sababu Usukumani, tangu sungusungu waanze kazi yao ya kukomesha wezi wa ng'ombe, hakuna mtu aliyehamia kijiji bila kusimama mbele ya mkutano na kujibu maswali mawili: umetoka wapi, na kwa nini uliondoka.

Mwenyekiti wa kijiji aliwapokea yeye mwenyewe. Alikuwa Machibya, mtu wa miaka hamsini na kitu, mwenye mwili mpana na tabasamu la pole. Mwaka ule wa ng'ombe alikuwa mjumbe wa kamati ya chama, na hotuba ya kuaga ilikuwa yake.

"Mwadila, Bwana Karani! Na mama yetu! Karibuni, karibuni. Hujazeeka hata kidogo."

"Mwenyekiti, unanikumbuka?"

"Nikusahau vipi?" alisema Machibya.

Usiku ule walilala kwa Mama Teodora, ajuza aliyekuwa akiuza chai na maandazi mbele ya ghala enzi zile. Alimkumbatia Wilhelmina kwa muda mrefu, akamuuliza watoto kwa majina, wote watatu, akauliza kama yule wa kati bado anakohoa. Ndalahwa alimgeukia mkewe kwa ushindi. Aliona hiyo ni salamu yake.

Mkutano ulikuwa kesho yake saa tatu asubuhi, ndani ya ghala la pamba. Nusu ya ghala ilikuwa imekodishwa kwa kampuni, na wakala wa kampuni, kijana wa Musoma aitwaye Gidion, alikuwa amekaa juu ya magunia yake matupu akisikiliza kwa kuwa hakuwa na kingine cha kufanya. Watu walikuwa kama mia na zaidi. Chenge, kamanda wa sungusungu, mzee mkavu mwenye filimbi shingoni, alisimama na kuuliza swali la kwanza.

"Umetoka wapi?"

"Mwanza mjini. Butimba."

"Kabla ya Butimba?"

Hapo ndipo Ndalahwa alipopata nafasi aliyoisubiri maisha yake yote. Aliinuka kabisa, akafunga kifungo cha shati, akaanza. Alieleza Nyakaliro na mananasi yake. Alieleza Geita, watu wanavyocheka kabla hujamaliza kusema. Alieleza kituo kimoja ng'ambo ya ghuba ambako kivuko kiliharibika wiki tatu, akaishi kwa samaki na hadithi. Kila mahali alipataja kwa jina na kwa furaha, alieleza ni nani alimpokea na maji ya kisima yalivyo na ladha gani. Alikuwa msimuliaji mzuri, na ghala zima lilimsikiliza kimya. Hakuona kwamba akina mama wa nyuma walikuwa wanakunja vidole.

"Tisa!" sauti ya mwanamke ikasema. "Jamani, mchawi wa kawaida hufukuzwa mara mbili."

Ghala likacheka mpaka njiwa wakaruka kwenye mapaa.

"Sikufukuzwa mimi," Ndalahwa alisema, naye akicheka kwa adabu. "Nilihamishwa."

"Ng'ombe mwenye kuhamishwa mara tisa," Chenge alisema bila kucheka, "sisi huuliza ana ugonjwa gani."

"Ni utaratibu wa kazi, mzee wangu. Na kokote nilikotoka niliagwa vizuri. Hapahapa mlinichinjia ng'ombe! Mwenyekiti ni shahidi. Mtu hachinjiwi ng'ombe kama hapendwi."

Machibya alikuwa amekaa kwenye kiti chake mbele. Alikohoa kidogo. Kwa haki ya Mungu, haikuonekana kwamba anafurahia. Au kama alifurahia, alikuwa ameshafanya hivyo peke yake, kwa miaka mingi, na furaha yenyewe ilikuwa imechakaa.

"Bwana Karani," alisema, "barua ya kuomba uhamishwe niliandika mimi. Tulitia dole gumba watu mia mbili na kumi. Makao makuu wakajibu baada ya miezi mitatu: tumesikia, ataondoka. Barua ile niliisoma hapa, ndani ya ghala hili. Siku ileile tukachanga ng'ombe."

Ndalahwa alibaki amesimama.

"Lakini vigelegele…"

"Vilikuwa vya kweli," Machibya alisema. "Hatukukudanganya. Tulifurahi sana."

Ndalahwa alitazama sakafu ya saruji, na wale waliokaa mbele walisema baadaye kwamba midomo yake ilikuwa inacheza. Alikuwa anapita vituo vyake kimoja kimoja, kurudi nyuma. Mbuzi wawili, Nyakaliro. Kigoda na mkuki, Geita. Kanga doti kumi kwa mama, kule ng'ambo. Alikuwa na kumbukumbu nzuri ya zawadi, na sasa ilimtumikia vibaya: kadiri alivyokaza uzi mahali, ndivyo sherehe ilivyokuwa kubwa. Wakubwa wake hawakuweza kumfukuza mtu asiyeiba, wala hawakuweza kumwacha mahali amechukiwa. Wakampa nchi nzima atembee.

"Sasa," Machibya aliendelea, "ardhi ipo. Kuna eneo juu ya kisima, la marehemu asiye na watoto. Mama huyu kila mtu anamtaka. Alikaa hapa msimu mmoja na nusu, wanangu mapacha walizaliwa mikononi mwake. Tatizo ni wewe, na wewe tatizo lako ni dogo. Unakumbuka mzigo wangu?"

Ndalahwa aliukumbuka. Alikumbuka mizigo yote. Ilikuwa Jumatano, mwezi wa saba, mwaka 1986. Machibya, mjumbe wa kamati, mkulima wa mfano aliyetembelewa na mkuu wa wilaya, alileta magunia kumi na manne. Ndalahwa alizamisha mkono mpaka begani, akatoa konzi iliyolowa. Angeweza kusema neno lake na kuendelea. Badala yake, kwa kuwa Machibya alikuwa ni mjumbe wa kamati, na ili watu wajue kwamba sheria haina ndugu, alimwaga gunia lote kwenye turubai mbele ya foleni nzima. Mchanga ulitoka kwa sauti.

"Tangu siku ile," Machibya alisema, "jina langu ni Fifi. Wanangu walipoanza shule waliitwa watoto wa Fifi. Mkwe wangu alipokuja kuposa, aliulizia kwa Fifi, akaonyeshwa nyumba. Nimegombea uenyekiti nikiwa Fifi na nimeshinda nikiwa Fifi. Nimechoka. Nataka useme hapa, mbele ya watu walewale, kwamba pamba yangu ilikuwa safi. Basi. Kesho tunakupimia eneo."

"Mwenyekiti, ile pamba ilikuwa…"

"Najua ilikuwa nini. Sikukuuliza hilo."

Kutoka juu ya magunia yake, Gidion wa kampuni aliona amsaidie. "Mzee, shikamoo. Sema tu. Siku hizi zote ni safi."

"Marahaba," alisema Ndalahwa, kwa mazoea.

Akamtafuta mkewe kwa macho. Wilhelmina alikuwa amekaa upande wa wanawake, bega kwa bega na Mama Teodora, mtandio umefunika kichwa. Siku ile ya Jumatano alikuwepo. Alikuwa amemletea mumewe chakula, na baada ya watu kutawanyika yeye ndiye aliyefagia mchanga ule, akaujaza ndoo moja na nusu. Kama angeinua uso, Ndalahwa angeona la kufanya. Hakuinua. Alikuwa anakunja pindo la kanga, analikunjua, analikunja tena.

Mtu mwingine angekuja na uongo huo umeandaliwa tangu ndani ya basi. Ndalahwa hakuwa na mazoezi. Ulimtoka vipande vipande, kama mtu anayesoma lugha ambayo alfabeti yake ameifahamu jana.

"Pamba ya Bwana Machibya," alisema, "ya mwaka themanini na sita. Ilikuwa safi."

Machibya alifumba macho. Kwa pumzi moja au mbili alikuwa ni mtu aliyeshushwa mzigo. Kisha alifumbua, na katika tabasamu lake la pole kulikuwa na kitu kipya, kwa sababu naye alikuwa mwanadamu, na amesubiri miaka tisa.

"Kumbe ulijua," alisema.

Ndalahwa hakuelewa.

"Ulijua ni safi, ukaiita fifi. Mbele ya watu. Kwa hiyo na ya Mzee Chenge ulijua? Na ya marehemu Lutobeka, aliyeuza ndama ili watoto warudi shule?"

"Hapana, zile zilikuwa…"

"Zilikuwa nini?" Chenge aliuliza. Hakuwa na haraka. "Maliza."

Hakumalizia, kwani hakukuwa na mwisho ambao ungemfaa. Akisema zilikuwa fifi, amerudi alikotoka. Akisema zilikuwa safi, amejivua miaka ishirini na minane na kuitupa sakafuni mbele ya watu wanaokaa juu ya magunia. Alikaa chini. Wengi waliona kukaa kule ni jibu.

Kura ilipigwa kwa mikono na ikawa nyepesi kuliko alivyoogopa. Walimpokea. Mtu mgumu walimwogopa. Mtu aliyekiri wizi wake hadharani na kukaa chini walimjua, walikuwa na wajomba wa namna hiyo. Chenge aliandika kwenye daftari la kijiji majina mawili, na mbele ya la Ndalahwa akaongeza kwa herufi kubwa: AMETUBU. Mama mmoja alimpa mkono akamwambia yaliyopita yamepita, sote tunakula pale tunapofanyia kazi. Alisema hayo kwa moyo mweupe.

Habari zilisafiri na magulio. Kabla ya mwezi kwisha zilikuwa zimefika Nyakaliro na ng'ambo ya ghuba kwamba yule karani wa shati jeupe, aliyejifanya malaika, amekiri kule Magu: safi alikuwa anaziita fifi. Watu waliokuwa wamelaza pamba yao kwenye umande kwa miaka kumi waligundua kwamba kumbe waliibiwa, wakakasirika upya. Jina la Machibya halikubadilika. Watoto walikuwa wamelizoea, na hata yeye, mtu akimwita Mwenyekiti kwa mbali, alichelewa kugeuka.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Mchana ule, baada ya mkutano, wajumbe wawili waliwaonyesha eneo: juu ya kisima, udongo mwekundu, miiba kidogo, na upande wa chini ghuba ya kijani isiyo na maji ya kuonekana. Wajumbe wakapigilia vijiti vinne, wakaaga. Mume na mke wakabaki.

Ndalahwa alichota udongo kwenye kiganja, akakikunjua kwenye mwanga, halafu akaona anachofanya, akaumwaga.

"Ile pamba," alisema. "Wewe uliiona."

"Niliuona mchanga. Niliufagia."

"Ndoo moja na nusu."

"Ndoo moja na nusu," Wilhelmina alikubali.

Ndalahwa alingoja mkewe aseme zaidi. Alikuwa tayari hata kutukanwa. Neno lolote kutoka kwa shahidi wake pekee lingemfaa. Wilhelmina alikuwa ameshavua viatu. Alitoka kwenye kijiti cha kwanza akienda cha pili kwa hatua ndefu, akihesabu kwa midomo, akasimama katikati, akalowesha kidole na kukiinua kuona upepo unatoka wapi.

"Jiko liwe huku," alisema. "Moshi usituingilie ndani. Njoo usimame hapa, Baba Koku, nisisahau."

Akaenda akasimama pale alipoambiwa.